Mwanangu alikojoa mkojo mweusi baada ya dawa: ni sumu, au ni damu yangu?

Shikamoo Mama Maabara,

Nakuandikia usiku, watu wote wamelala. Nina kijana wa miaka 20, fundi seremala. Mwaka jana alitokwa na baka lililopauka kwenye mkono wa kushoto. Halikumuwasha wala kumuuma, kwa hiyo hatukulijali. Tulikuja kushtuka siku randa ilipompitia kidoleni, akaiona damu kwenye mbao kabla hajasikia maumivu. Kituo cha afya wakampima, wakasema ni ukoma, akapewa dawa za pakiti, bure.

Siku ya kwanza mkojo wake ulitoka rangi ya chungwa. Tulikuwa tumeshaambiwa, hatukuogopa. Siku ya tano ukawa kama chai ya rangi iliyochemka mpaka ikakolea. Nikaenda kuuliza, nikajibiwa ni rangi ya dawa, tuendelee. Siku ya saba macho yakawa manjano, na kutoka chumbani mpaka uani alikuwa anahema kama aliyebeba gunia. Tukamkimbiza hospitali. Damu ilikuwa 6, na siku ya kuanza dawa ilikuwa 13. Akaongezewa chupa mbili.

Daktari wa pale akasema huenda ana upungufu wa kitu kinaitwa G6PD, kinachorithiwa kwa mama. Akauliza kama upande wangu kuna mwanamume aliyewahi kupatwa na jambo kama hilo. Nikakumbuka kaka yangu: alipokuwa mdogo alikojoa mkojo mweusi baada ya vidonge vya homa, na wazee wakasema amekanyaga kitu. Nikasema hivyo mbele ya mume wangu na shemeji, na hapo ndipo moto ulipowaka. Kipimo kikachukuliwa wiki hiyohiyo, majibu yakaja: kawaida. Shemeji akasema, "Mmeona? Damu yake nzima. Huyu alilishwa sumu, na mama yake anatunga hadithi za kaka yake."

Tuliambiwa turudi kliniki abadilishiwe dawa. Shemeji amekataa kabisa, na huu ni mwezi wa pili kijana hajameza kitu. Pakiti nimezificha chini ya sanduku la nguo. Mume wangu hasemi neno, ila siku hizi chakula changu hakimalizi. Juu ya hayo, binti yangu anaolewa miezi miwili ijayo, na wifi yangu anataka upande wa bwana harusi waambiwe kwamba damu ya mama yao ina kasoro.

Nieleze, mama. Dawa ilimfanya nini mwanangu? Kama ni damu yangu, mbona kipimo kilisema kawaida? Na mkono wake utakuwaje?

Mama Mwenye Mashaka, Muheza

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla sijagusa habari ya damu nataka tulishike lile sanduku. Pakiti ya ukoma ina dawa tatu ndani yake: rifampisini, klofazimini na dapsoni. Iliyomwangusha mwanao, kwa kila dalili uliyoandika, ni dapsoni peke yake. Mbili zilizobaki hazimo katika orodha ya dawa zinazovunja chembe za damu za watu wenye upungufu huu, na ndizo zinazoweza kuuokoa mkono wake. Maelekezo ya Shirika la Afya Duniani yako wazi: mgonjwa ambaye dapsoni imemdhuru vibaya aachishwe dapsoni mara moja. Mwenye ukoma wa vimelea vingi anaendelea na hizo mbili, na mwenye vimelea vichache, ambaye pakiti yake ya zamani haikuwa na klofazimini, aliwekewa hiyo mahali pa dapsoni. Dawa nyingine ipo, mwanangu, na ni bure kama ile ya kwanza.

Usimpe chochote wewe mwenyewe kutoka sandukuni. Nakusihi pia usikae ukachambua vidonge kwa kukisia rangi, ukasema hiki ndicho na hiki sicho. Zipeleke pakiti kama zilivyo, pamoja na karatasi ya kuruhusiwa hospitali, kwa mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya. Kila wilaya anaye. Yeye ndiye wa kupanga upya. Ukoma huenda taratibu, ndiyo maana muda huu wa kukaa bila dawa haujamwonyesha kitu. Lakini mishipa ya fahamu ikishakufa hairudi, na fundi asiyesikia vidole vyake yuko hatarini kila siku anaposhika msumeno.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza, ambalo ndilo kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Chembe nyekundu ya damu ni ndogo kiasi kwamba ukizipanga elfu moja mstari mmoja hazifiki sentimita moja. Ni duara, imebonyea katikati pande zote mbili. Ndani imejaa himoglobini, ile inayobeba hewa, na nje imefunikwa na utando mwembamba wa mafuta. Utando huo ungekuwa mafuta matupu ungechanika siku ya kwanza. Kinachoushikilia ni wavu uliotandikwa upande wa ndani, uliosukwa kwa protini inayoitwa spektrini na kufungwa kwenye utando kwa vifundo. Vifundo vikubwa vinaitwa ankirini na bendi 3. Umeishi jirani na Tanga, bila shaka umewaona wavuvi wakiukusanya wavu mzima ukaingia kwenye kikapu, kisha ukatandazwa tena haujapoteza umbo. Chembe nayo huishi hivyo. Kwa siku zake kama 120 inapita kwenye vishipa vyembamba kuliko yenyewe, na katika bandama inajipenyeza kwenye nyufa nyembamba zaidi. Inajikunja, inapita, inajikunjua. Inayoshindwa kujikunja haitoki bandamani salama.

Chembe hii haina kiini. Ikishatoka kwenye uboho wa mifupa na kukomaa haiwezi kutengeneza protini mpya hata moja, kwa hiyo inaishi kwa masurufu iliyofungiwa siku ya kuondoka. Katika masurufu hayo kuna kimeng'enya kinachoitwa G6PD. Kazi yake ni kuhakikisha ghala la glutathioni halikauki, na glutathioni ndiyo inayozuia vitu vya ndani ya chembe visipate kutu. Seli nyingine za mwili zina njia zaidi ya moja ya kulijaza ghala hilo. Chembe nyekundu inayo hii moja tu.

Dapsoni haiingii kwenye chembe na kuipasua moja kwa moja. Kwanza inapita kwenye ini, na ini huigeuza sehemu yake kuwa kitu kikali kinachoitwa haidroksilamini. Hicho ndicho kinachoingia ndani ya chembe na kuanza kuila kama kutu inavyokula bati. Himoglobini inageuka rangi ya kahawia na kuacha kubeba hewa, ndiyo maana wengine midomo huwa ya kijivu. Glutathioni inatumika, inatumika, na kwa mtu mwenye G6PD ya kutosha inajazwa tena, mambo yanaendelea. Hata huyo naye hupoteza chembe kidogo, maana dapsoni hufupisha umri wa chembe za karibu kila anayeimeza. Ila kwa dozi ya kawaida mtu hata hatambui.

Kwa mwanao ghala lilikauka. Likishakauka, himoglobini inaharibika na kuganda vibonge, na vibonge hivyo vinakwenda kunata kwenye utando kwa ndani, pale kwenye vifundo vya bendi 3. Nao wavu wa spektrini, nyuzi zake zinashikana zenyewe kwa zenyewe kwa viungo vya salfa visivyotakiwa. Piga picha ya wavu uliomwagikiwa lami ukakauka juani. Haukunjiki tena, na mahali utakapolazimishwa ndipo utakapokatika.

Nimeiona hali hiyo kwa macho yangu mara nyingi. Unapaka tone la damu kwenye kioo, unalitia rangi, unainama kwenye hadubini. Chembe nyingi zinaonekana duara, nzuri. Halafu inapita moja imeng'atwa ukingoni, kama chapati aliyoionja mtoto kabla wakubwa hawajakaa. Hiyo imetoka bandamani, ambako kibonge kilinyofolewa pamoja na kipande cha utando. Pembeni yake kuna nyingine yenye lengelenge, himoglobini yote imesukumwa upande mmoja na upande wa pili umebaki utando mtupu. Ukitumia rangi maalumu ya zambarau kwenye damu mbichi unaviona na vibonge vyenyewe, madoa madogo yamejibandika ukingoni. Tunaviita viini vya Heinz, kwa jina la Robert Heinz, Mjerumani aliyevieleza mwaka 1890. Nilipokuwa naviona, nilikuwa siandiki tu majibu. Nilikuwa nanyanyuka kwenda wodini kuuliza, "Huyu amemeza nini?"

Zile ambazo hazikusubiri bandama hupasukia ndani ya mishipa. Himoglobini inamwagika kwenye maji ya damu, figo zinaichuja, mkojo unakuwa kama ile chai yako. Na hapa niseme wazi: ulipokwenda kuuliza siku ya tano ulistahili kusikilizwa. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa chungwa au mwekundu kidogo, kweli, lakini ni dozi ya mara moja kwa mwezi, na rangi yake huisha baada ya siku moja au mbili. Mkojo wa kahawia iliyoiva siku ya tano si rangi ya dawa. Jicho lako liliona sawasawa.

Kuhusu kipimo. Nimesikitika kuona karatasi moja imevunja amani ya nyumba nzima, kwa sababu majibu hayo yalikuwa na maelezo yake na hakuna aliyekaa nanyi kuyatoa. Katika aina ya upungufu iliyo ya kawaida zaidi kwa Waafrika, chembe changa huwa na G6PD ya kuridhisha. Inapungua kadiri chembe inavyozeeka. Dapsoni ikija, wazee ndio wanaokufa, vijana wanabaki, na uboho unamwaga vijana wengine wapya kufidia. Juu ya hao mkamwongezea chupa mbili za damu ya watu wengine. Siku kilipochukuliwa kipimo, ndani ya mwili wa mwanao kulikuwa na vijana walionusurika na wageni wa kuazima. Si ajabu kikatoka "kawaida". Wenye upungufu wenyewe walikwisha kutoka na ule mkojo. Kipimo cha kuaminika ni cha baada ya miezi mitatu hadi minne tangu kuongezewa damu, chembe za wageni zikishakwisha na zake zikishapata umri. Mpaka hapo, karatasi ile isitumike kumrudisha kwenye dapsoni, wala kukuita wewe mtunga hadithi.

Shemeji yako anaamini kijana alilishwa sumu. Simdharau, aliona kijana mzima ameingia na pakiti na ametoka amebebwa. Mweleze hili, ikiwezekana mbele ya mume wako. Marekani, miaka ya 1940 na 1950, dawa za malaria zilijaribiwa kwa wafungwa wa gereza la Stateville, jimbo la Illinois. Kuwatumia wafungwa namna ile ni jambo ambalo leo lisingekubalika, na mimi silisemi kwa kulisifu. Baadhi yao, wengi wakiwa weusi, walipopewa primakwini walikojoa mkojo mweusi kama mwanao. Madaktari wakachukua chembe za mtu anayedhurika, wakazitia alama ya kromiamu ya mnururisho, wakamwekea mtu asiyedhurika, kisha wakampa dawa. Chembe za kuazima zikavunjika, zake zikabaki. Wakageuza: chembe za asiyedhurika wakaziweka kwa anayedhurika, akapewa dawa ileile. Hazikuvunjika. Hayo yalichapishwa mwaka 1954, na mwaka 1956 kikatajwa kimeng'enya chenyewe kilichopungua, G6PD. Kwa hiyo dawa ni ileile, dozi ileile, na tofauti imo ndani ya chembe tangu mtu alipozaliwa. Hakuna mkono wa mtu hapo katikati. Na kaka yako hakukanyaga kitu chochote. Kwa maelezo yako, nadhani alimeza dawa kama mpwa wake.

Haya, damu yako.

Maelekezo ya kutengeneza G6PD yamo kwenye kromosomu X. Mtoto wa kiume anapewa X moja tu, na anapewa na mama. Baba humpa Y. Ni kweli basi kwamba kama mwanao anao upungufu huu, umepita kwako. Lakini wewe unazo X mbili, moja nzima na moja yenye pengo. Hukuijua wala kuichagua, na haijakuumiza siku yoyote. Kila mtoto wako alikuwa na nusu kwa nusu ya kuipata. Inakadiriwa watu milioni 400 hivi duniani wanao upungufu huu, na wengi wao watazeeka hawajui. Umejaa zaidi pale malaria ilipokaa vizazi na vizazi, na hilo si bahati mbaya: kama sikoseli, umewasaidia watu kutokufa kwa malaria. Anthony Allison na David Clyde, huyo wa pili akiwa mtu wa malaria wa Tanganyika, waliandika juu ya watoto wa Kiafrika wenye upungufu huu na malaria mwaka 1961. Inawezekana kabisa kwamba bibi zako wa Muheza walivuka utoto kwa sababu ya hicho ambacho wifi yako leo anakiita kasoro. Mwambie mume wako hivyo. Mwambie wewe, usimtume mtu; mwite mle pamoja umweleze kwa utulivu, naye pengine ana hofu zake ambazo hajapata pa kuziweka.

Binti yako aolewe. Hana ugonjwa wa kutangaziwa wakwe, na habari ya damu yake ni yake kumweleza mumewe, si ya wifi yako kuipeleka kwa watu. Akitaka kujua, apimwe. Ingawa kwa wanawake wenye X moja nzima kipimo rahisi wakati mwingine huwapita. Kinachomhusu zaidi ni watoto wake wa kiume watakapokuja. Mtoto mchanga wa namna hii anaweza kugeuka manjano kupita kiasi siku za mwanzo, na manjano hayo si ya kuanikwa juani nyumbani, ni ya kukimbiziwa hospitali, kwa sababu yakipanda yanaharibu ubongo. Vile vidonge vyeupe vya kabatini vya kufukuza nondo visiwekwe kwenye nguo zake. Najua nguo za mtoto mkubwa huwekwa sandukuni kumsubiri mdogo wake, na vidonge hivyo humo ndani. Mvuke wake ukimwingia kichanga kwa ngozi na kwa pumzi hupasua chembe kama dapsoni. Kama nguo zilishakaa navyo, zifuliwe na zianikwe siku nyingi mpaka harufu iishe kabisa. Na hina. Bibi harusi apakwe, afurahi na shoga zake. Lakini kichanga asipakwe, hata kwa arobaini, hata kidogo nyayoni, kwa sababu rangi ya hina hupenya ngozi laini na imeshaangusha damu za watoto wenye upungufu huu.

Kijana wako mpe kipande cha karatasi ngumu akiweke kwenye pochi, kiandikwe: "Nadhaniwa kuwa na upungufu wa G6PD. Nisipewe dapsoni, nitrofurantoini, wala primakwini ya siku nyingi bila kupimwa." Karatasi hiyo aionyeshe hata kwenye duka la dawa muhimu anapokwenda kununua vidonge vya tumbo. Mseto wa malaria anaweza kumeza, panado kwa kipimo chake pia. Dozi moja ndogo ya primakwini inayotolewa kuzuia malaria isiambukize wengine, Shirika la Afya Duniani limeiruhusu bila kipimo tangu mwaka 2012, asiikimbie. Na siku yoyote midomo ikiwa ya kijivu, daktari atakayempokea aambiwe habari hii kabla hajatoa kitu, kwa sababu dawa ya kawaida ya hali hiyo, ile ya rangi ya buluu, kwake yeye ni hatari.

Rudi sasa kwenye sanduku. Siku ya kliniki ondokeni asubuhi, wewe na yeye, na baba yake akikubali awe wa tatu. Beba pakiti zote, karatasi ya hospitali yenye ile 6 na ile 13, na karatasi ya kipimo kilichosema kawaida. Usiiache hiyo kwa hasira. Mwambie mratibu mambo matatu: siku mkojo ulipobadilika, chupa mbili za damu, na mjomba wake. Mwombe apime vidole vya mkono wa kushoto kabla hamjaondoka, halafu akuandikie tarehe ya kurudia kipimo cha G6PD.